Maneno Yenye Wazazi

Kadi zikatwe kwenye katoni ya sabuni. Katoni ya biskuti ni laini, tena panya wa hapa Kashikishi wanaipenda kuliko wanafunzi wanavyopenda Kiingereza. Naanza na hili kwa sababu siku nilipokuja kurudisha ufunguo wa ukumbi niliona mmeanza kukata za biskuti, na sikutaka kuwasema mbele ya darasa.

Mliniomba niwaandikie jinsi kazi hii ya kufundisha Kiingereza ilivyokuwa kabla yenu. Mimi nilisoma miaka miwili tu ya sekondari, upande wa Kongo, kwa Kifaransa. Kisha vita ikafika Pweto na shule yangu ikaishia hapo. Kwa hiyo msitafute maneno makubwa katika karatasi hizi. Maneno makubwa yalikuwa ya Ba Madam Chisenga. Mimi nilimtunzia tu.

Niliingia darasani kama fundi mbao. Ukumbi wa kanisa nyuma ya soko la samaki ulihitaji mabenchi, nami nilihitaji kazi. Ba Madam alikuwa amefundisha sekondari miaka mingi mpaka mguu wake mmoja ukaanza kuvimba na akashindwa kusimama siku nzima. Akaacha shule, akafungua darasa la mchana kwa watu waliofeli Kiingereza cha darasa la kumi na mbili. Ninyi mnajua mambo yalivyo huku Zambia, lakini nitaandika kwa ajili ya atakayesoma bila kujua: unaweza kufaulu hesabu na sayansi zote, ukifeli Kiingereza cheti kizima hakikamiliki, na vyuo vya uuguzi na ualimu havikufungulii mlango. Ndiyo maana watu walitoka Nchelenge, Mwansabombwe, hata Mununga, wengine wakiwa na watoto wenye ndevu, kuja kukaa kwenye mabenchi niliyokuwa bado napigilia misumari.

Siku hiyo ya kwanza alinisimamia akiegemea fimbo yake.

"Mwapoleni, fundi."

"Eya mukwai, Madam."

Hizo ni salamu za Kibemba (mukwai, kama Ba, ni neno la heshima), nazo karibu ndizo zote nilizokuwa nazo wakati huo. Yeye akahamia Kiswahili, kwa sababu mama yake aliuza samaki kwa watu wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, maisha yake yote.

"Weye unajua Kiingereza?"

"Hapana, Madam. Miye iko na Kifaransa, kidogo tu."

"Bien. Ile njo muzuri. Hawa wengine Kiingereza chao kimesha kuharibika, kazi yangu ni kutengeneza. Chako hakijaanza. Keti."

"Madam, benchi haijaisha."

"Basi keti pole pole."

Akachukua beseni la zamani la samaki, ambalo halijaacha kunuka hadi leo hii, akatoa kadi moja na kunipa. Ilikuwa imeandikwa "nevertheless". Akasema, "Huyu ni mutoto wako. Kuanza leo unaitwa Tata Nevertheless."

Nikamuuliza mtoto huyo anafanya kazi gani. Akafikiri kidogo. "Anaingia pale mambo yamesha kuharibika, lakini mutu anaendelea."

Nikatazama benchi langu, nikaona tunaweza kuelewana.

Njia yake ya kufundisha ilikuwa hiyo, na sijaiona mahali pengine. Katika pande hizi za ziwa mtu mzima haitwi jina lake. Anaitwa kwa mtoto wake. Mama wa Chanda ni Bana Chanda, baba yake ni Bashi Chanda, na sisi wa Kongo tunasema Mama fulani, Tata fulani. Ba Madam alichukua desturi hiyo na kuitia ndani ya Kiingereza. Kila mwanafunzi alipewa neno gumu kuwa mtoto wake, na darasani aliitwa kwa neno hilo. Ukitaka kutumia neno la mwenzako kwenye insha, sharti uende kwake kwanza, umsalimu vizuri, umuulize, "Mtoto hajambo?" Naye hakuruhusiwa kukupa maana iliyo kwenye kamusi. Alipaswa kukueleza mtoto alikuwa wapi leo na alifanya nini.

Bana Scarce alinifundisha neno lake hivi. Jina lake la nyumbani ni Esnart, na aliuza chisense, dagaa wetu, chini ya turubai la bluu karibu na mahali mashua zinapoegeshwa. Nikamuuliza, "Bana Scarce, mtoto hajambo?"

"Awe, hapana, mtoto amenisumbua leo, Tata Nevertheless. Ameshinda sokoni tangu asubuhi. Mashua mbili tu zimerudi. Wanawake wanasukumana, mmoja amevuta kitenge cha mwenzake. Mtoto amekaa katikati ya beseni, anacheka."

Sikulisahau neno hilo tena. Nimefundisha wengi kwa turubai lile la Esnart kuliko kwa ubao.

Kuhusu ubao: tulipasua betri zilizokufa, tukasaga ule weusi wa ndani pamoja na majani ya muhogo, tukapaka kwenye mbao. Kadi zilitundikwa kwenye uzi wa nyavu, siyo kamba ya katani, kwa sababu katani inalegea wakati wa mvua na maneno yanaangukia vichwa vya watu. Vibanio ni vile vya kuanikia nguo. Msinunue vya plastiki.

Baada ya muda Ba Madam alinifanya msaidizi wake. Nilifundisha wanaoanza, nikasahihisha kazi zao, nikabaki hatua chache tu mbele yao. Sikuficha hilo. Mtu akiniuliza neno nisilolijua nilimwambia, "Tuende kwa mzazi wake," na tulikwenda wote wawili. Matamshi yangu yalibaki ya Pweto. Ba Madam alisema mtihani unaandikwa, hausikilizwi, kwa hiyo niendelee.

Kulikuwa na ugomvi pia. Bashi Reluctant, mtengeneza mashua aliyeitwa Mumba, alisimama siku moja mbele ya darasa akasema mtoto wake ameonekana kwenye insha ya Bana Scarce bila yeye kuulizwa.

"Nilikuuliza," Esnart akasema. "Nilikuuliza sokoni."

"Uliniuliza nikiwa ndani ya maji mpaka kiuno, nimebeba mbao. Hiyo si salamu."

"Ulitaka nipige magoti kwenye maji?"

"Bana wenzako wanapiga."

Ba Madam alisikiliza shauri lote, mashahidi wakaitwa, na hukumu ikawa kwamba Esnart amletee Mumba vitumbua, na Mumba asipokee salamu akiwa ndani ya maji. Mumba alikula vitumbua vile polepole sana ili kila mtu aone.

Nacheka nikiandika, lakini heshima hiyo ilituletea matatizo. Mwaka mmoja, kwenye mtihani wa majaribio, Ba Madam alisahihisha insha zote. Kisha akanipa nisome. Karibu kila mmoja alikuwa ameandika, kwa Kiingereza kizuri kabisa, "kama asemavyo Bana Scarce, samaki ni haba," na "kwa ruhusa ya Bashi Reluctant, nilisita kuingia nyumbani." Hakuna aliyethubutu kumtumia mtoto wa mtu bila kumtaja mzazi. Msahihishaji kule mbali angesoma karatasi kutoka Nchelenge na kudhani sote tumerogwa na mwanamke mmoja.

Mwingine angewagombeza. Yeye alifikiri siku mbili, kisha akatunga desturi nyingine ya kuifungua ile ya kwanza. Siku moja kabla ya mtihani, kila mzazi asimame, ashike kadi yake, aseme mbele ya wote, "Mtoto wangu ni wenu. Aende na ninyi." Baada ya hapo mtu anaingia chumba cha mtihani na watoto wote, bila kuuliza. Aliita siku hiyo siku ya kuachilia. Insha hazikutaja tena wazazi. Ninalistaajabia jambo hilo mpaka leo. Hakuwaambia kwamba heshima yao ilikuwa kosa. Aliwatafutia mlango wa kutokea wakiwa nayo.

Yeye mwenyewe hakuwa na mtoto. Watu walimwita Ba Madam kwa sababu hapakuwa na jina jingine la kumwitia. Hakulisema, nami sikuuliza. Mara moja tu Esnart alimwambia kwa mzaha kwamba kama sisi ni wazazi wa maneno, basi yeye ni bibi yao. Ba Madam akajibu, "Eya, hawa ni beshikulu bangu," yaani wajukuu wangu, kisha akageuka kufuta ubao uliokuwa tayari umefutwa.

Esnart alikuwa amefeli Kiingereza zaidi ya mara moja kabla ya kuja kwetu, na kwetu pia alifeli. Alitaka uuguzi. Dada yake alijifungua vibaya kwenye kisiwa cha ziwani, mashua haikufika kwa wakati, na tangu hapo hakutaka kitu kingine. Alipofeli alirudi chini ya turubai lake, na darasa lilipofunguliwa alirudi benchi lake. Miezi ya kufungwa kwa uvuvi, ili samaki wazaane, alisoma vizuri kwa kuwa soko lilikuwa limelala. Uvuvi ukifunguliwa, darasa zima lilikimbilia ziwani, naye alikuja peke yake, mikono ikiwa na magamba. Mwaka ninaotaka kuwaeleza, chuo kilikuwa kimemwambia wazi kwamba umri wake hautapokelewa tena mwaka unaofuata. Kwa hiyo ulikuwa mtihani wake wa mwisho, na sote tulijua.

Wiki ya mtihani huo, Ba Madam alifariki. Presha ilimchukua nyumbani kwake, mchana, akiwa ameketi. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Msiba uliwekwa kwake. Wanawake walikaa ndani sakafuni, wanaume nje. Kaka yake, Ba Kaoma, alikuja kutoka Mununga kusimamia mambo. Alikuwa mvuvi mzee, mrefu, mwenye sauti ya kuita mashua. Akatangaza siku ya mazishi. Ilikuwa asubuhi ileile ya karatasi ya Kiingereza.

Siku iliyotangulia, mchana, nilikwenda msibani na uzi wa kadi ndani ya mfuko. Niliogopa. Kuachilia kusipofanyika, nilijua wataandika nini kwenye karatasi zile. Nikawaita wanafunzi nyuma ya nyumba, tukasimama karibu na jiko la nje, na mmoja mmoja wakashika kadi na kusema maneno yale kwa sauti ya chini. Mumba alisema yake akalia. Ilipofika zamu ya Esnart, hakushika kadi.

"Juu ya nini niachilie?" akasema. "Kesho siendi."

"Bana Scarce."

"Siendi, Tata. Kesho pale kaburini wataita watoto. Nani atasimama?"

Nyuma yangu Ba Kaoma alikuwa amesimama. Sijui alianza kutusikiliza lini.

"Mwanamke huyu anasema kweli," akasema kwa Kiswahili cha mashua. "Kaburini tunaita batoto, bajukuu, kanisa, bote. Kila kundi linakwenda na maua yake. Miye nalala na kuamka na ile kitu moja. Wataita batoto, na patanyamaza. Mutu mukubwa kama dada yangu, na batu bote banasikiliza ule unyamavu. Ninyi njo batoto benyewe. Alibaita vile. Mutabaki, mutasimama."

Katika msiba, kaka wa marehemu akisema, hakuna wa kujibu, na mimi ni mtu wa ng'ambo. Wanafunzi walitazama chini. Niliona kwamba wote wangebaki, na kwamba wangebaki kwa upendo, na kwamba mlango wa Esnart ungefungwa hapo hapo karibu na jiko la nje.

"Ba Kaoma, mukwai," nikasema. "Wataita watoto, nami nitasimama."

"Weye? Weye ni muzee karibu sawa na miye."

"Ndiyo."

"Batu batacheka."

"Wacheke. Yeye alikaa na mguu ule miaka yote hii ili hawa waingie chumba kile. Wakikosa kesho, tunazika na kazi yake."

Ba Kaoma akamgeukia Esnart. "Weye, mutoto wako anaitwa nani?"

"Scarce, mukwai."

"Anafanya nini?"

Esnart alijaribu kueleza turubai, mashua mbili, kitenge, akashindwa katikati. Mzee akangoja mpaka alipofuta uso.

"Muachilie," akasema. "Kesho uende."

Esnart akashika kadi. "Mtoto wangu ni wenu," akasema. "Aende na ninyi."

Kesho yake wao walikwenda shuleni, sisi tukaenda makaburini. Mvua haikunyesha wala jua halikuwa kali. Watu walikuwa wengi, waliofundishwa naye zamani na wauza samaki waliomjua kwa fimbo yake. Jeneza likashushwa, udongo ukajazwa, na mwongozaji akaanza kuita makundi kuweka maua. Akaita, "Abana!" Watoto.

Pakanyamaza, kama alivyosema Ba Kaoma. Nikanyoosha mkono, nikatoka mbele. Nilisikia mwanamke mmoja akiuliza, "Huyu naye ni mtoto wa nani?"

"Watoto wako kwenye mtihani," nikasema. "Yeye mwenyewe aliwapeleka." Kisha nikawataja. Bana Scarce yuko kwenye mtihani. Bashi Reluctant yuko kwenye mtihani. Nikaendelea hivyo hadi wa mwisho, na matamshi yangu ya Pweto. Wachache walicheka kweli, kama tulivyotabiri. Wengi walikuwa wananiitikia. Mwisho nikasema, "Tata Nevertheless yuko hapa," nikaweka ua langu.

Nilikuwa narudi mahali pangu mwongozaji alipoita, "Abeshikulu!" Wajukuu.

Hilo sikulipanga. Uzi wa kadi ulikuwa bado ndani ya mfuko wa koti tangu jana. Nikageuka, nikautoa, nikaulaza juu ya udongo pamoja na vibanio vyake, kuanzia kichwani mpaka miguuni, na haukutosha kwa sababu alikuwa mwanamke mrefu. Ba Kaoma akaja, akachuchumaa, akaunyoosha kidogo ili ufike. Alijua nyuzi za nyavu.

Matokeo yalipotoka, wawili kati yao hawakufaulu, Mumba akiwa mmoja wao. Siwezi kuandika kwamba wote walipita, kwa sababu hawakupita. Esnart alifaulu. Leo ni muuguzi, na mkienda kliniki wagonjwa wanamwita Sista. Mimi bado namsalimu kwa kumuuliza mtoto hajambo, na hata akiwa na foleni ndefu lazima anieleze alikuwa wapi. Mumba anatengeneza mashua na anasema hataki tena mtihani. Lakini usipomsalimu vizuri kabla ya kutumia neno lake, utasikia.

Kadi zikabaki makaburini, na mvua ya mwaka ule ilizimaliza. Kwa hiyo wiki iliyofuata mazishi nilikata mpya, kutoka katoni ya sabuni, na zile mnazotumia ninyi ndizo hizo na nyingine zilizoongezwa baadaye. Nilikuwa peke yangu ukumbini, nikikata, Ba Kaoma alipoingia. Alikuwa anarudi Mununga na alisema amepita kuaga. Akakaa kwenye benchi la kwanza nililotengeneza, akaangalia beseni.

"Na miye?" akasema.

"Wewe nini, mukwai?"

"Miye siko na mutoto hapa?"

Nikatia mkono kwenye beseni kama alivyofanya dada yake, bila kuchagua. Ikatoka "abundant". Akaniuliza mtoto huyo anafanya nini. Nikamwambia ni pale vitu vinapojaa, kwa mfano samaki wanapokuwa wengi, wengi sana.

Mzee akaishika kadi mbali na macho yake, akaigeuza upande huu na huu.

"Basi huyu mutoto ni muongo," akasema. "Hajaona ziwa letu sasa." Akaitia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo. "Nitamulea vile vile."

Hajafanya mtihani wowote, na hatafanya. Lakini kila anapokuja Kashikishi anapita darasani kueleza mtoto alikuwa wapi, na nilikuwa nasimamisha somo ili wanafunzi wamsikilize. Nawaomba msiache jambo hilo. Mkipita Mununga mwiteni Bashi Abundant. Anaitika.